Aliambiwa Abandike, Hakuambiwa Abandue

Moshi wa kuni umejaa jiko la shule moja ya sekondari mjini Morogoro. Eufrazia Kasiani, mwenye miaka 53, anasonga ugali wa wanafunzi mia nne kwa mwiko unaomfika begani. Ghafla anauachia, anajipangusa uso kwa pindo la kanga na kutazama chini kama mtu aliyefumaniwa.

"Joto hili si la kuni," anasema taratibu. "Hili langu limerudi."

Lilimwanza mwaka juzi, hedhi ilipokoma. Joto lilimpanda kifuani hadi usoni, usingizi ukamkimbia, na kitu kidogo kama chumvi kuzidi kikawa ugomvi. Bintiye Scholastika, mwalimu huko Dumila, alimpeleka hospitali. Akaandikiwa vidonge vya kumeza jioni na plasta za homoni za kubandika chini ya kitovu. Boksi la mwezi lilikuwa shilingi elfu tisini, nusu ya mshahara wake. Scholastika akasema atalipa yeye.

Maagizo aliyoyashika yalikuwa mafupi: bandika Jumatatu, bandika Alhamisi.

"Nikabandika," anasema. "Kubandua, hapana. Mimi nimekulia Mgeta, kwenye zahanati ya masista. Ukigusa plasta kabla haijadondoka yenyewe, unapigwa kibao cha mkono."

Hizi hazikudondoka upesi. Mpya ilikaa kando ya ya zamani, naye akazifunika zote kwa fundo la kanga. Aliona haya, mtu mzima kama yeye kutembea na dawa ya mambo yale.

Baada ya wiki kadhaa matiti yakaanza kumuuma, na kichwa kikawa kinagonga. Akarudi kwa daktari, kijana aitwaye Kelvin, makamo ya mwanawe wa mwisho.

"Plasta unabadilisha kama tulivyosema, mama?"

"Kama mlivyosema, baba."

"Naomba niangalie pale unapobandika."

"Pazima tu, baba. Usijisumbue." Mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania fundo.

Daktari hakumlazimisha. Aliona dozi imezidi, akampa plasta ndogo zaidi. Yeye anapunguza kwenye karatasi, tumboni zinaongezeka.

Kisha damu ikarudi. Eufrazia alinyamaza wiki mbili, akijisitiri kwa vitambaa. Siku moja anagawa maharage, gauni lake likalowa nyuma, na foleni nzima ya kidato cha tatu ikaona. Mmoja akacheka.

Zuleha, mpishi mwenzake, alimfunga kanga kiunoni na kumvuta stoo ya unga akabadilishe nguo. Huko ndiko alikoziona.

"Mama Schola, hili tumbo au tairi la baiskeli? Viraka vinne?"

Eufrazia alicheka, halafu akalia. "Kansa niliiogopa," anasema sasa. "Lakini niliogopa zaidi yule kijana kuniona tumbo. Hilo ndilo linalonitia aibu leo, siyo damu."

Mchana uleule Zuleha alimsindikiza hospitali. Safari hii akafunua. Kelvin hakucheka. Alizibandua zote moja moja.

"Nilikuwa napima dozi kwa maneno yako tu, mama," alimwambia. "Na kosa ni letu pia. Tulisema bandika, hatukusema bandua."

Akamweleza kwamba damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, haisubiriwi hata siku moja. Kipimo kilionyesha ukuta wa mfuko wa uzazi umenenepa. Kipande kimechukuliwa kwenda kupimwa, na dawa zimesimamishwa hadi majibu yatoke Alhamisi. Ndiyo maana joto limerudi.

Akiambiwa ni salama, ataanza upya: plasta moja, ndogo, ya zamani ikitoka kwanza.

Lipo jambo analolitaka kabla ya majibu. Scholastika bado hajui habari ya damu. Kila akipiga simu huambiwa mama mzima.

"Mama yangu alikufa hajanitamkia neno kuhusu kukoma," anasema Eufrazia, akiurudia mwiko. "Nami nilikuwa naelekea hukohuko. Nimemwambia Schola aje Alhamisi, tuingie wote kwa daktari. Nikilifunua tumbo, naye awepo."