Mume Anayebisha Hodi Chumbani Kwake

Kwa miaka kumi na minne Bwana Pembe alitandika vitanda vya watu asiowajua, na alivitandika vizuri kiasi kwamba baadhi ya wageni walilala sakafuni wasije wakavivuruga. Hapo nimetia chumvi. Alikuwa mgeni mmoja tu, na alikuwa amelewa. Jina la Pembe alipewa na wenzake wa hotelini kwa ajili ya pembe za shuka zake, ambazo alizikunja na kuzichomeka chini ya godoro zikanyooka kama bahasha ya barua ya kufukuzwa kazi. Vyumba kumi na sita kwa zamu, dakika ishirini na tano kila kimoja, na sheria moja juu ya zote: mgeni akiingia, asione hata unywele wa kumwambia kwamba binadamu mwingine amewahi kupita hapo.

Sheria hiyo ndiyo nusura imrudishe kwao.

Mkewe alitangulia kuhama. Alipata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee katika mji wa nchi ya ugenini, akapanga vyumba viwili ghorofa ya nne, akakaa peke yake miaka mitatu akiwasubiri mume na binti. Walipofika, binti alikuwa na umri wa miaka tisa na mdomo wa mtu wa arobaini. Wakajikuta watatu ndani ya nyumba ambayo mmoja wao tu ndiye aliyejua swichi ya taa ya chooni iko wapi. Iko jikoni, nyuma ya mlango. Usiniulize kwa nini.

Bwana Pembe hakuruhusiwa kufanya kazi mpaka faili la familia lipitishwe na ofisi ya ukaazi. Mwanamume wa vyumba kumi na sita akapewa viwili. Hebu fikiria. Mke akishatoka kwenda kwa wazee wake na binti kwenda shule, yeye alikunja mikono ya shati akaanza, na ilipofika saa tatu nyumba ilikuwa tayari kumpokea mgeni ambaye hayupo. Miswaki ilifichwa. Picha ya harusi iliingizwa kabatini kwa kosa la kukamata vumbi. Glasi zililazwa kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, na ile karatasi ya chooni ilikunjwa ncha ikawa pembetatu. Jioni mkewe alirudi akakuta gauni lake la kulalia limekunjwa juu ya mto, na ndala zake zimepangwa kando ya kitanda kama askari wawili wanaosubiri amri. Wiki ya kwanza alifurahi. Wiki ya pili alianza kutafuta chaja yake. Mwezi wa saba alikuwa bado anaitafuta.

 Ukikaa miaka mitatu mbali na mumeo unasahau hata namna ya kumgombeza. Unakuwa na adabu kama mtu aliyekwenda ukweni. Wakaishi hivyo, samahani huku na asante kule, kama watu waliokutana kwenye lifti.

Basi Jumanne moja, saa nne asubuhi, akaja mkaguzi.

Alikuwa mama wa makamo mwenye begi la mgongoni na viatu vya mtu ambaye kazi yake ni kupanda ngazi. Alitumwa kuhakikisha kwamba watu wanaojiita familia wanaishi kama familia, kwa kuwa mjini hapo walikuwepo watu waliooana asubuhi, wakapata karatasi mchana, wakaagana jioni. Bwana Pembe hakuyajua hayo. Yeye aliona mgeni mlangoni, na ile miaka kumi na minne ikamnyoosha mgongo.

"Karibu sana, mama," alimwambia. "Umesafiri salama?"

Mkaguzi alikuwa ametoka mtaa wa pili. Alijibu kwamba amesafiri salama.

Akatembezwa. Akaelezwa kwamba maji ya moto hutoka baada ya sekunde arobaini, akaonyeshwa pa kukimbilia moto ukizuka, akaulizwa kama atahitaji taulo la ziada. Alipouliza mswaki wa mke uko wapi, Bwana Pembe alijibu kwa fahari kwamba huwezi kuuona. Alipouliza mke hulala upande gani, aliambiwa kwamba kitanda kina upana wa sentimita mia moja na sitini na mashuka hubadilishwa kila baada ya siku mbili. Kisha wakafika kwenye mlango wa chumba cha kulala, na hapo mwanamume akajichimbia kaburi kwa mkono wake mwenyewe. Aligonga mara tatu kwa kifundo cha kidole. Akangoja. Akasema kwa sauti ya upole, "Hodi, usafi." Ndipo akafungua.

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu sana.

Barua ilifika Ijumaa. Mkewe aliisoma kwa sauti, amesimama, hajavua hata sare ya kazini. Ilisema makao hayana dalili ya kukaliwa na watu. Ilisema hakikuonekana kitu chochote cha mke wala cha mtoto. Ilisema mume hubisha hodi kabla ya kuingia chumba anachodai ni chake. Ukaguzi wa pili ungefanyika baada ya wiki mbili, familia nzima ikiwepo, na ikionekana tena kwamba hawaishi pamoja, faili litafungwa. Mume atarudi alikotoka, na binti, aliyeingia kwa faili la baba yake, atarudi naye.

"Yaani nafukuzwa nchini kwa sababu baba anafagia," binti alisema.

Ulikuwa mzaha mzuri, lakini hakuna aliyecheka, na mwenyewe alipoumaliza aliishika sare ya mama yake.

Vikatangazwa vita vya kuchafua nyumba. Mke alitoa amri kwamba kila mtu aache vitu vyake pale vilipoangukia. Bwana Pembe alivua soksi, akaiweka chini katikati ya sebule, akakaa kwenye kochi kuitazama kama mzazi aliyemwacha mwanawe kando ya barabara. Alivumilia dakika nne. Siku ya pili akavumilia sita, jasho likimtoka. Siku ya tatu akasema ameuelewa mtihani: hii nayo ni kazi, na kazi ina utaratibu wake. Akachora ramani. Soksi ya kwanza kando ya kochi, ya pili sentimita sitini kutoka kwa mwenzake, imegeuzwa ndani nje. Gazeti kwenye kiti, limefunguliwa ukurasa wa michezo. Makombo ya mkate saba juu ya meza, yakibadilishwa kila asubuhi ili yasichakae.

"Hii siyo fujo," mkewe alimwambia alipoiona. "Haya ni maonyesho."

Ndipo akaenda kwa jirani wa mlango wa pili. Mtaa mzima ulimwita Mama Watano, kwa hesabu ya watoto wake, na nyumbani kwake ulitembea kwa kuinua magoti kama unavuka mto. Mke alijieleza kwa aibu, akidhani ataonekana kichaa. Mama Watano alimsikiliza akiwa na mtoto mmoja kiunoni na mwingine anamvuta sketi.

"Fujo?" alisema. "Beba, jirani. Nilidhani unataka kitu ambacho sina."

Siku ya ukaguzi, Bwana Pembe alipotoka kwenda kununua mkate, mkewe alivuka korido akarudi na kapu. Alimficha mumewe jambo hilo kwa sababu ya wazi: angejua, angelipanga. Akamwaga kila kitu mwenyewe, haraka haraka. Mwanasesere wa mkono mmoja. Sweta lisilo na kifungo hata kimoja. Sufuria iliyoungua mpaka ikasahau rangi yake. Na kiatu kimoja cha kiume, kikubwa kama mtumbwi, ambacho kwa kweli hakuwa amekiona kapuni. Kilidondoka chenyewe kikatulia chini ya meza.

Bwana Pembe alikutana na mkaguzi kwenye ngazi, wakapanda pamoja. Alipofungua mlango, alishika fremu. Nyumba yake ilikuwa imepigwa. Lakini alijikaza, mikono kaifunga nyuma kwa nguvu, kama mtu anayemshika mwenzake asiende kupigana.

Mkaguzi alizunguka. Aliitazama sufuria, akaandika. Alilitazama sweta, akaandika, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea kidogo. Mambo yalikuwa yanakwenda. Kisha akainama chini ya meza.

"Hiki ni cha nani?"

Mke alisema ni cha mumewe. Macho yote yakashuka kwenye miguu ya Bwana Pembe, ambayo ilivaa namba arobaini tangu alipooa na haikuwahi kuomba zaidi. Bwana Pembe naye alikuwa anakitazama kiatu. Alikitazama kwa makini kuliko mkaguzi.

"Hata mimi naomba kujua," alisema.

Mkewe alimkonyeza. Alimkonyeza mara tatu, jicho likakaribia kutoka. Haikusaidia. Mwanamume alikichukua kiatu, akavua chake, akatumbukiza mguu; mguu ukapotea humo.

"Ni cha yule baba wa jirani," binti alieleza, akitaka kuokoa jahazi. "Mama alikileta asubuhi, baba alipotoka."

Ulikuwa ukweli mtupu, na sidhani kama ukweli umewahi kusikika vibaya kiasi hicho. Kalamu ya mkaguzi ilikimbia.

"Umeleta kiatu cha mwanamume nyumbani kwako," Bwana Pembe alisema taratibu.

Mkewe alifungua mdomo kueleza habari za kapu, kisha akaufunga. Kuna neno lilikuwa limemchoma, na halikuwa kiatu.

"Kwangu," alisema. "Umejisikia? Kwangu. Miezi saba hujasema kwetu hata siku moja. Narudi nimechoka, nakuta nimeandaliwa ndala. Picha yetu umeitia kabatini. Nimesubiri mume miaka mitatu, nikaletewa mhudumu. Mimi si mgeni wako, wewe mwanamume."

"Na mimi ni nani hapa?" Bwana Pembe hakuwahi kupandisha sauti katika nyumba ile, na sauti yenyewe ilitoka na kutu. "Nyumba uliipanga wewe. Kitanda ulikinunua wewe. Kila kitu nilikikuta kina mahali pake isipokuwa mimi. Nikasema basi, nisiache alama yoyote. Usije siku moja ukazunguka humu ndani, ukaziona alama zangu, ukajuta kutuita."

"Nijute," mkewe alisema.

Alilirudia neno hilo mara mbili, kisha akaishiwa adabu. Yakatoka ya miaka mitatu. Ilitoka chaja. Ilitoka ile simu ya mwaka wa kwanza aliyoipiga akiwa na homa, mumewe akaipokea na kumwambia amalize haraka, ana vyumba vinne bado. Bwana Pembe naye hakubaki nyuma. Alisema kuna mtu humu anaminya dawa ya meno katikati. Alisema mtu huyohuyo amezoea kulala peke yake mpaka analala katikati ya kitanda kama msalaba, na kwamba yeye kwa miezi saba analalia ukingo wenye upana wa rula, anaamka shingo imepinda, hasemi. Mkewe akauliza kwa nini hasemi. Akajibiwa kwamba mgeni haamshwi. Jibu hilo likamwaga petroli.

Mkaguzi alisema samahani mara mbili, hakuna aliyemsikia. Hakukaribishwa kiti. Mwishowe akamsogeza mwanasesere wa mkono mmoja, akakaa karibu na binti.

"Huwa wanamaliza saa ngapi?" alinong'ona.

"Sijui," binti alisema. "Ndiyo mara yao ya kwanza."

Walikaa pale wakigeuza shingo, kushoto akisema baba, kulia akisema mama. Ugomvi ulikuwa umefika kwenye harusi, kwenye suala la nani hasa aliyechelewa, wakati mkaguzi alipofunga daftari na kumwashiria binti kwa kichwa. Binti akamfungulia mlango. Koridoni alisimama Mama Watano na kiatu cha pili mkononi, nyuma yake mumewe, miguuni ana soksi tu, mtu mrefu kama nguzo, akitaka kujua kama fujo yao imeshatumika maana anaanza zamu ya lori saa tano. Mkaguzi alikitazama kiatu, akamtazama mwenye miguu, akashuka ngazi bila kuandika chochote. Binti aliapa kwamba mabega ya mkaguzi yalikuwa yanacheza kwa kicheko.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Safari hii Bwana Pembe ndiye aliyesoma, mkewe amemwekea kidevu begani, na kidevu hicho kilikuwa kizito kwa hofu. Faili limepitishwa. Mume anaruhusiwa kufanya kazi, binti anabaki. Mke alikaa chini palepale sakafuni akamvuta mtoto, wakalia kidogo, wakacheka kidogo, wakalia tena.

Bwana Pembe hakuwaona. Alikuwa amekwama kwenye mstari wa mwisho, ule wa sababu. Ofisi ilikuwa imeandika: *Ni mume na mke. Mkaguzi hakukaribishwa kiti, hakupewa hata maji, na aliondoka bila kuagwa na yeyote kati yao.*

"Hata maji," alisema. Uso ulikuwa umempauka. "Mgeni katoka kwangu hata maji hajanywa, na wameandika. Imeingia kwenye faili la serikali."

Akatafuta kalamu na karatasi, akaketi mezani, akaanza barua ya kuomba radhi, akimwomba mkaguzi afike tena siku yoyote inayomfaa, saa yoyote, apokelewe inavyostahili.

Mkewe aliinuka sakafuni na machozi yake bado usoni.

"Unamwita tena?" alimuuliza. "Wewe baba una akili timamu?"

Akamnyang'anya kalamu. Bwana Pembe alisema mgeni ni mgeni. Mkewe alisema atamwonyesha mgeni. Sauti zikaanza kupanda, na binti akainuka kwenda kufunga dirisha, maana karatasi sasa walikuwa nazo, na hakukuwa tena na haja ya mtaa mzima kusikia.