Vifuniko vya Kamshafti

Fundi yule wa Mwembesongo hafungui injini mpaka apewe khanga ya kutandika chini, na khanga yenyewe iwe safi, utadhani anazalisha. Siku hiyo alikuwa uani kwa Mwanvita, akibadilisha kamshafti ya pikapu, kile chuma kirefu kinachofungua vali za injini, na alfajiri ya kesho yake pikapu ilitakiwa shambani Mgeta, karoti zimeshang'olewa. Akatoa vifuniko vya kamshafti, akavipanga mstari, maana kila kimoja sharti kirudi pale pale kilipotoka.

"Fundi, si uviwekee alama?" Mwanvita akauliza.

"Dada'angu, mama anawawekea wanawe alama?"

Basi kuku akakatiza khangani, vifuniko vyote huku na huku. Fundi akasema hana wasi. Lakini Mwanvita alimwona kajigeuza upande, anakigeuzageuza kimoja kimoja juani kutafuta namba za kiwandani, midomo inamcheza. Akitazamwa, anajifanya anapuliza vumbi.

Jioni akamwambia awashe. Mwanvita akazungusha ufunguo huku anachungulia dirishani: fundi kafumba macho, mikono kaikunja kifuani kama yuko kwenye swala. Injini ikaitika, laini kabisa. Fundi akafumbua jicho moja.

"Nilikwambia," akasema, na lile la pili bado kalifumba, anasikiliza.