Kondo Lililokatwa

Mwanangu alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, akalazwa ndani ya kisanduku cha joto, mdogo hata nikaogopa kumtazama kwa muda mrefu. Nilikuwa bado kitandani daktari aliponijia. Alitaka kukata kipande cha kondo la nyuma akipime, ajue kwa nini uchungu ulinishika mapema.

Mama mkwe wangu alikuwa keshafika kutoka Sabaki na kanga mpya ya kulifungia. Kwao kondo huzikwa zima, nyuma ya nyumba. Kwetu bara mimi sikulelewa hivyo.

"Halikatwi," alisema. "Ukilikata, umemkata mtoto."

"Mama, nataka kujua."

"Kujua kutakupa nini? Mkaza mwanangu, nakusihi."

Nilikuwa nimechoka, na nikichoka huwa mkali. Nikamwambia daktari akate. Mama mkwe alichukua lililobaki, akaondoka bila kuniaga.

Mtoto hakumaliza wiki. Wanawake walikuja kunipa pole pale Muyeye tulipopanga, na mama mkwe akakaa mkekani katikati yao akisema, bila kunitazama, "Nilimkanya." Nilimchukia. Nasema nilimchukia, wala sioni haya.

Majibu yalipotoka nilikwenda peke yangu. Daktari akaniambia ilikuwa malaria. Nikabisha: sikuwa na homa hata siku moja, na kliniki walinitoboa kidole kila mara wakaona damu safi. Akasema vijidudu hivyo huweza kujificha kwenye kondo, damu ya kidoleni isivionyeshe. Kinga ya mwili wangu ilivigundua, chembe zake zikajazana kupigana humo humo, na vurugu hiyo ikadhoofisha kondo na kuamsha uchungu. Mimba ya kwanza ndiyo huumia zaidi, akasema, maana mwili haujawahi kukutana na vita vya namna hiyo. Ikija ya pili, huwa umeshajifunza.

Alisema hayo kunifariji. Nilitamani kumrushia kiti. Mwanangu alikuwa nani, daftari la mwili wangu kufanyia mazoezi?

Nilivuka daraja hadi Sabaki na hasira zangu zote. Mama mkwe alikuwa akipalilia mchicha. Shikamoo ilinitoka kwa shida. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, ili asipate pa kushika. Nilitaka aniombe radhi.

Akaliweka jembe chini. "Huwa ni ile ya kwanza?"

"Zaidi huwa ile ya kwanza, ndiyo."

Akakaa pale pale kwenye tuta. Siku zote nilijua mume wangu ndiye kifungua mimba wake.

"Kabla ya mumeo nalizaa mwingine," akasema. "Wa miezi saba. Wakaniambia nimevunja miiko, nami nimeamini hadi leo."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena.

"Na kondo lake, mwanangu, lilizikwa zima."