Mtu Mwenye Jina

Kipngeno arap Maritim hakuwa mtu wa makuu. Alitoka upande wa Siongiroi, kwa watu wa ng'ombe na mahindi, akaja kuosha vikombe katika chumba cha kuonjea chai cha kiwanda kimoja kidogo ng'ambo ya Sotik. Alichemsha maji, akapanga vikombe vyeupe juu ya meza ndefu, kisha akasimama na kitambaa begani huku mwonjaji akivuta chai kwa kelele na kuitema kwenye ndoo. Mwonjaji mwenyewe alikuwa Gordon Obiero, Mjaluo wa Nyakach, mtu wa mzaha mwingi na roho nyeupe. Kuna watu hufundisha kazi huku wamefunika nusu ya sufuria. Obiero alifunua yote, na Kipngeno akajifunza kuonja.

Obiero alipougua na kufa, wakamzika kwao chini, karibu na ziwa, na meneja, Bwana Alfayo, akachukua kuonja mwenyewe. Alionja kama mtu anayemaliza uji. Kipngeno alivumilia, halafu siku moja akajikaza akamwendea ofisini kuomba kazi ya Obiero.

"Ngeno, mimi sikatai, unajua kazi," meneja alimwambia. "Lakini hiyo kazi inataka mtu mwenye jina. Hao madalali wa Mombasa wakiniuliza nani ameonja hii chai, nitawaambia nani? Ngeno? Ngeno ni nani?"

Neno hilo lilimkaa moyoni. Jina haliuzwi sokoni Chepilat kwamba utaenda Jumanne ulibebe kwenye gunia. Lazima ulitafute, na Kipngeno akaamua kulitafuta.

Kiwandani kulikuwa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kusuka, utadhani ni redio ya harusi. Obiero, katika miezi yake ya mwisho, ndiye aliyefunguliwa barua pepe na fundi wa Nairobi, akaingiza humo anwani za waonjaji, madalali na mameneja wa viwanda vingine. Meneja aliiogopa mashine hiyo, kwa hiyo Kipngeno alipoomba kuitumia hakukataliwa. Wilkista wa uhasibu akamfundisha kubonyeza.

Kila Ijumaa Kipngeno alisoma magazeti na majarida ya chai yaliyoletwa kwa posta. Aliacha makala kumi akachukua moja, na hapo ndipo kipaji chake kilipokuwa. Aliinakili sehemu yenye uzito, akaongeza mistari miwili ya kueleza kwa nini mtu wa kiwanda aijali, akawatumia wote. Hakutia jina lake. Alilelewa kanisani, na kwake kuweka jina chini ya jasho la mwingine kulikuwa wizi mtupu. Alijiambia watu wataona barua inatoka kiwanda gani, watauliza ni nani huko anayejua kuchagua hivi, nao wataambiwa ni Ngeno. Maskini, hivyo ndivyo alivyofikiri.

Majibu yakaanza kuja. "Bwana Obiero, asante sana kwa makala." Barua ya kwanza alidhani ni ya enzi za Obiero, imechelewa njiani, kama barua za posta zinavyochelewa. Ilipokuja nyingine, na nyingine tena, alimwita Wilkista.

"Hii imeli iko na jina ya Gordon," Wilkista alisema. "Chochote unatuma, huko wanaona ni Gordon ametuma. Kwani hukujua?"

Alikwenda kwa meneja kuomba jina libadilishwe, akaambiwa angoje fundi aje kutoka Nairobi, na fundi hakuja. Basi Ijumaa iliyofuata akapiga moyo konde akaandika chini kabisa: Imechaguliwa na K. Maritim. Jibu lilikuwa moja tu, la dalali mmoja wa Mombasa. "Obiero, huyo karani wako si mbaya. Lakini sisi tunataka zako."

Kipngeno alilifuta jina lake. Tuseme ukweli, sifa ni tamu hata zikija kwa jina la mwenzako, na aliogopa kwamba bila Obiero hakuna atakayemsoma. Lakini tangu siku hiyo hakuwa na raha. Akiwa peke yake katika chumba cha kuonjea alisikia mtu akivuta chai nyuma yake. Akigeuka, vikombe vilikuwa vimetulia. Vidole vyake vikaanza kuandika maneno ambayo hakuwahi kuyatumia, "chai hii ina mdomo," "chai hii imelala," maneno ya Obiero hasa. Aliyasoma kwenye kioo cha kompyuta, akaufuta mkono wake kwenye suruali.

Chepkosgei, mama mzee aliyefagia ofisi, ambaye kinywani mwake Gordon alikuwa Korton, hakumficha neno. "Kwetu jina ya mtu amekufa tunaita siku mtoto anazaliwa. Wamama wanaita, wanaita, mpaka mtoto apike chafya, hapo tunajua amerudi, amekaa kwa mtoto. Wewe unaita Korton kila wiki, na mtoto hakuna. Sasa atakaa wapi?"

Kipngeno alicheka, lakini mchana ule hakuingia chumba cha kuonjea peke yake.

Ndipo ukaja mwaliko. Watu wa chai walikuwa na mkutano mjini Kericho, wakamtaka Bwana Gordon Obiero awahutubie. Kipngeno alifurahi mpaka akashindwa kukaa. Atakwenda, atasimama mbele yao na meneja akiwa kwenye viti, na atasema: ni mimi. Hakujibu ule mwaliko. Alinyoosha koti lake la pekee na kungoja.

Syprose, mjane wa Obiero, alifika kabla ya mkutano, mchana wa mvua, viatu vimejaa tope jekundu. Alikataa chai.

"Shemeji, mtu alikuja kwangu na gari," alisema. "Amevaa tai. Anauliza Bwana Obiero yuko, kwa sababu wamemwalika na hajajibu. Nilimpeleka nyuma ya nyumba, nikamwonyesha kaburi. Alikimbia, shemeji. Aliacha hata mwavuli yake. Sasa niambie, mume wangu anaandikia watu?"

"Mama Molly, nisamehe," Kipngeno alisema, akamweleza yote.

"Kwetu mtu akitaka jina yake iitwe, anakuja kwa ndoto," Syprose alisema. "Huyu hajakuja kwangu hata mara moja. Nalala nikimngoja. Kumbe alikuwa hapa kwako." Akaitazama kompyuta. "Mtu akimwandikia, anapata?"

"Inafika hapa hapa."

"Basi andika. Andika: Mbona huji? Kila usiku nakungoja."

Kipngeno alishindwa kumkatalia. Aliandika, akatuma. Simu iliyounganishwa na kompyuta ikapiga kelele zake, ikanyamaza. Akaiunganisha tena, na barua moja ikashuka kwenye kioo. Juu yake palikuwa na jina la aliyetuma: Gordon Obiero. Chini yake: Mbona huji? Kila usiku nakungoja.

Syprose alisimama akashika ukuta. "Ananiita."

"Hapana, Mama Molly! Ni maneno yako. Mashine imeyarudisha tu."

"Maneno ni yangu. Jina ni yake." Machozi yalimtiririka. "Waambie amekufa. Waambie wote, sasa hivi, nikiona, alale."

Kipngeno aliona mkutano wa Kericho ukimponyoka, lakini hangeweza kumtazama mama yule machoni na kukataa. Aliandika kwamba Gordon Obiero alishafariki na kuzikwa kwao Nyakach, kwamba makala zote zilichaguliwa na Kipngeno arap Maritim, mwosha vikombe wake, na kwamba anamwomba radhi mjane. Alituma kwa kila anwani. Syprose alimpa mkono, akaenda zake mvuani.

Asubuhi jibu lilikuwapo, kutoka kwa mwenyekiti wa mkutano.

"Bwana Obiero, kwanza umemwonyesha mjumbe wetu kaburi, sasa unatuandikia mwenyewe kwamba umekufa! Tumecheka mpaka basi, ingawa mzaha wa kifo si mzuri. Kiti chako kiko mbele. Huyo mwosha vikombe naye mlete, akubebee mkoba."

Kipngeno aliisoma hadi mwisho. Kisha akakaa kwenye kiti cha marehemu, akalia kama watu wanavyolia matangani, na hakujua anamlilia nani.