Shule Mbili Juu ya Meza ya Fundi

Mama mdogo wangu ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na moja ameshona sare za shule mbili: ya masista, iliyo upande wa juu wa barabara yetu, na ya serikali, iliyo upande wa chini. Chumba chake cha kazi kina mlango mmoja, dirisha moja, cherehani mbili na meza ndefu ya kukatia, ambayo ameigawa katikati kwa mstari wa chaki. Kushoto ni bluu za masista. Kulia ni kaki na nyeupe za serikali. Mstari ukifutika anauchora upya. Niliwahi kumuuliza kwa nini asinunue vikapu viwili tu yakaisha.

"Kikapu kinaficha," akasema. "Mimi nataka nione."

Na kweli anaona. Watu hudhani fundi anashona tu, lakini nusu ya siku yake mama mdogo anasoma. Anasoma nguo zilizorudi kutiwa viraka. Anaishika nguo kwenye mwanga wa dirisha, anaigeuza ndani nje, halafu anakuambia mwenyewe ni mtoto wa namna gani. Huyu anatafuna kola. Huyu anabeba mawe mfukoni. Huyu kaka yake mkubwa ndiye aliyeivaa kwanza, na kaka alikuwa mnene. "Nguo haina mdomo," husema, "kwa hiyo haina uongo."

Kwa kusoma hivyo alikuwa ameshazihukumu shule zote mbili bila kukanyaga ndani. Suruali za wavulana wa chekechea ya masista zilikuwa zinarudi zimetoboka magoti. Zote. "Wanapigishwa magoti hao," aliamua. "Kuchelewa, goti. Kucheka, goti." Kaptula za chekechea ya serikali zilitoboka sehemu ya kukalia. "Hawana madawati. Wanakalia sakafu tangu asubuhi."

Kulikuwa na jambo la tatu, na hili lilimuudhi kuliko viraka vyote. Mashati na blauzi za chekechea ya serikali zilikuja na vifungo vilivyoshonwa na mkono asioujua: uzi mweusi kwenye kitambaa cheupe, na fundo limeachwa nje kama nzi aliyetua. "Nani huyu?" alikuwa akiuliza. "Alishona huku anakimbizwa?" Anachukua wembe, anavifumua, anavishona upya kwa uzi mweupe. Hakuna aliyemtuma. Hakuweza tu kuiacha nguo itoke mlangoni kwake hivyo.

Hayo yote yalikuwa maneno ya kazini, mpaka Pini alipotimiza miaka mitano.

Pini ni binti yake. Jina hilo alilipata kwa wembamba wake, na kwa kazi yake pia: ana sumaku iliyofungwa kwenye kamba, na kila jioni huiburuta sakafuni kukusanya pini zilizoanguka. Humo ndani anaongea bila kituo. Anaisimulia sumaku habari za cherehani, na cherehani habari za sumaku. Akivuka kizingiti tu, basi, duka limefungwa. Hasalimii, hajibu, haombi.

Kutoomba ndiko kulikokuwa tatizo. Siku moja mama mdogo alimwacha kwa msusi, mlango wa pili, ili apeleke mzigo wa sare. Kurudi, akamkuta Pini ameketi kwenye kiti kilicholowa, na choo kiko hatua tatu kutoka hapo.

"Si angesema, jamani?" msusi akalalamika. "Mdomo ni wa nini?"

Pini alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kwa hiyo swali la mama mdogo halikuwa la dini wala la Kiingereza, ingawa watu walimletea hayo mawili kila siku. Swali lake lilikuwa moja: asubuhi nzima, muda wa saa nne bila mama, ni nani atakayemwona huyu mtoto kabla hajalowa? Yeye mwenyewe darasa la kwanza walikuwa tisini, na mwaka mzima mwalimu alimwita "wewe wa dirishani". Aliniambia hivyo huku anatia uzi kwenye sindano, kama mtu anayetaja namba ya kiatu.

Jumatatu, Sista wa chekechea alikuja kuchukua magauni ya wanafunzi wake. Akayahesabu, akayasifu, akasema, "Mama Pini, imebaki nafasi moja ya mwakani. Nakuwekea hadi Ijumaa."

Nyumbani, bibi alilipokea hilo kama jibu la sala. Bibi ameimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia tangu mama yangu na mama mdogo wakiwa wadogo. "Ijumaa ya nini?" akauliza. "Leo hakuna siku?"

"Mama, sijaiona shule."

"Unaishonea miaka yote hiyo, hujaiona?"

Baba Pini ni dereva wa lori na alikuwa safarini. Alipopigiwa simu akasema, "Amua wewe mke wangu, mimi hapa naona lami tu," simu ikakatika.

Sisi wa sekondari tulikuwa tumeshafunga shule, hivyo mama mdogo akanichukua niwe jicho la pili. Jumatano tukapanda kwa masista, Pini katikati yetu, sumaku mfukoni.

Kitu cha kwanza tulichokiona ni magoti. Watoto wapatao kumi na watano walikuwa wamepiga magoti kwenye bustani, katikati ya matuta ya mchicha, waking'oa magugu. Wengine walimwagilia kwa chupa zilizotobolewa kifuniko. Mmoja alikuwa anatambaa nyuma ya kinyonga, uso wake umegusa udongo. Mama mdogo akasimama.

"Kila siku hivi?"

"Kila siku," Sista akasema. "Ukiwatoa wanalia. Kwani ulidhani nini?"

"Sikudhani kitu, Sista."

Nguo haina uongo. Kuhusu fundi sijui.

Darasani walikuwa ishirini na sita, viti ishirini na sita, na kila kiti kimeandikwa jina la mtoto kwa rangi nyeupe mgongoni. Palikuwa na kimya kizuri, kama cha chumba ambacho mtu ametoka kukifagia. Mvulana mmoja akasimama, akaunganisha mikono, akasema, "Samahani Sista, naomba ruhusa niende msalani."

"Ruhusa, mwanangu. Asante kwa kuomba vizuri."

Bibi angelia machozi kwa furaha. Mimi mwenyewe nilivutiwa, maana darasani kwetu mtu hupiga kelele "Mwalimu, choo!" na kukimbia.

Pini aliletewa kiti cha ziada. Baada ya muda akaukunja mguu mmoja juu ya mwingine. Mama mdogo aliona. Sista naye aliona, na hilo lazima niliseme. Akainama hadi macho yao yakalingana.

"Unataka kwenda? Sema basi, nisikie. Polepole. Nakusubiri."

Na kweli alisubiri. Hakukunja uso, hakuangalia saa. Darasa zima likasubiri naye. Pini akaangalia viatu. Mwishowe mama mdogo akambeba mzimamzima na kutoka naye mbio, na walifika, lakini kwa bahati.

"Mwezi mmoja tu, mama Pini," Sista alisema tulipoaga. "Wako wengi wanakuja hivyohivyo. Ndani ya mwezi atasema sentensi nzima."

Mama mdogo alimwamini. Niliona usoni. Tulipofika barabarani akaniuliza, "Mwezi una siku ngapi za shule?"

"Ishirini na kitu."

"Magauni ishirini na kitu ya kulowa," akasema.

Jioni bibi alikuwa anatusubiri mlangoni.

"Haya, umeona?"

"Nimeona. Pazuri."

"Basi."

"Mama, yule mtoto haombi. Kule lazima uombe."

"Atafundishwa! Samaki mkunje angali mbichi."

"Huyu si samaki, mama. Ni pini. Pini ukiikunja haifai tena."

Bibi akacheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa sababu amecheka.

Alhamisi tukateremka shule ya serikali. Hapo hukuhitaji kuuliza chekechea iko wapi. Ulifuata kelele. Nyuma ya darasa kulikuwa na mteremko wa saruji ambao fundi mwashi aliujenga ubavuni mwa ngazi, labda kwa ajili ya maji ya mvua. Watoto walikuwa wamepanga foleni kuuteleza kwa makalio, wanafika chini, wanajipangusa, wanapanda tena. Mama mdogo aliangalia kaptula tatu zikishuka. Kisha akachungulia dirishani.

"Na madawati mnayo," akamwambia mwalimu, karibu kwa kulaumu.

"Tunayo. Kwa nini?"

"Basi tu."

Mwalimu alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti iliyokwaruzika, na kwenye kola ya gauni lake ilichomekwa sindano yenye uzi mweusi. Niliiona, nikamwangalia mama mdogo. Yeye alikuwa ameshaiona zamani.

Darasa lilikuwa na watoto sitini na mmoja. Walihesabu kwa kuimba, na mwalimu alizunguka kati yao. Alipofika kwenye kumi na saba akamshika mvulana mmoja, akachomoa sindano, akamshonea kifungo hapohapo kifuani huku wote wawili wakiendelea na kumi na nane, kumi na tisa. Kwenye ishirini na nne akakata uzi kwa meno.

"Samahani mwalimu," mama mdogo akasema, "kwa nini uzi mweusi?"

"Mweupe siuoni bila miwani. Na miwani waliikalia." Akaichomeka sindano mahali pake. "Halafu kuna fundi mmoja huko juu, sijui nilimkosea nini. Kila ninachoshona anafumua. Kila kifungo! Mtu wa ajabu sana."

"Wapo mafundi wa hivyo," mama mdogo akasema.

Mimi nilitazama dari kwa muda mrefu.

"Unawajua wote kwa majina?" mama mdogo akauliza baadaye. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, lakini nilijua swali lilikotoka.

"Wote sitini na mmoja? Nisikudanganye, bado. Nguo zao ndizo nazijua." Akaanza kuonyesha kwa kidole. "Yule kifungo cha tatu hakikai. Yule pindo limefumuka tangu juzi, bibi yake haoni vizuri. Yule analia, lakini kola haijatafunwa, kwa hiyo ni uongo, ananyamaza sasa hivi."

Mtoto akanyamaza kweli.

Mama mdogo alikuwa na uso anaouvaa anapoona mshono wa mtu mwingine na kushindwa kupata kosa.

Hapo ndipo nilipoona kifuniko. Kando ya mlango, kimo cha mtoto, palikuwa na msumari, na kwenye msumari kimening'inia kifuniko chekundu cha kopo la rangi, kimetiwa kamba. Msichana mmoja aliinuka, akakivaa shingoni, akatoka. Hakumwambia mtu. Baada ya muda akarudi, akakitundika, akaendelea kuhesabu pale wenzake walipofika.

"Hicho ni cha chooni," mwalimu akaeleza. "Hawa kila mmoja akiniomba ruhusa, nitafundisha saa ngapi? Ukitaka, vaa, nenda. Mimi naangalia msumari. Ukikaa mtupu muda mrefu, natoka kutafuta."

Pini alikuwa ameshikilia sketi ya mama yake tangu tulipoingia. Sasa aliangalia msumari. Aliangalia mvulana mwingine akivaa, akitoka, akirudi. Kisha vidole vyake vikaachia sketi, kimoja kimoja. Akaenda ukutani, akachukua kifuniko, akakivaa. Akageuka kuona kama kuna atakayemuuliza kitu. Hesabu ya wenzake ilikuwa imefika arobaini na mbili, arobaini na tatu. Akatoka.

Mama mdogo alipiga hatua moja kumfuata, akairudisha.

Pini alirudi mkavu, akatundika kifuniko, akakinyoosha kisikae upande. Akaketi mwisho wa benchi. Baada ya dakika tano akakivaa tena. Kisha mara ya tatu.

"Huyo tumbo linamsumbua?" mwalimu akauliza.

"Hapana," mama mdogo akasema. "Anajaribu."

Ijumaa Sista alikuja mwenyewe. Mama mdogo akamvutia kiti, akamwambia palepale, bila kuzunguka: "Ile nafasi mpe mwingine, Sista."

"Tumekukosea?"

"Hamjanikosea. Kwenu pazuri, na ulimwona, nami niliona umemwona. Ila mwanangu hajui kuomba, na kule shule ya chini hawaombi."

Akamweleza habari ya kifuniko. Sista alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akachukua bahasha yake ya vipimo, akauliza, "Kopo la rangi la ukubwa gani? Lile dogo?"

Bibi hakuongea na mama mdogo hadi Jumapili. Baada ya misa akasema, "Sawa, apelekwe. Lakini kuzungumza atajifunzia wapi, kwenye kundi lile?"

"Atazungumza akiwa na la kuzungumza, mama. Kwanza akae mkavu."

Mwaka ulipoanza, Pini alivaa blauzi nyeupe iliyokatwa kubwa, ya kukulia, na sketi ya kaki. Wiki ya kwanza mama mdogo hakuweza kukaa. Alichora mstari wa chaki hata pale ulipokuwa haujafutika. Kila mchana alimpokea Pini mlangoni na kupapasa sketi kwa nyuma kabla ya kumsalimia. Jumatatu kavu. Jumanne kavu. Alhamisi imetoboka kidogo, mahali pa kukalia.

Siku hiyo ya Alhamisi, kifungo cha pili cha blauzi kilikuwa na uzi mweusi, na fundo nje kama nzi.

Mama mdogo aliivua blauzi, akaipeleka dirishani, akachukua wembe. Pini alikuwa sakafuni na sumaku yake, anaisimulia habari ndefu ya mtu aliyekalia miwani. Mama mdogo aliusogeza wembe hadi kwenye uzi, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akauweka chini. Akatia uzi mweusi kwenye sindano, akalivuta lile fundo kwa ndani, akalifunga vizuri, akakata.

"Umekiacha?" nikamuuliza.

"Nimekiacha," akasema. "Lakini fundo lilikuwa baya."