Mtoto Aliyenyamaza Ndani ya Nguo Saba

Mtoto wa Nazokat alikohoa na kulia siku tatu mfululizo. Siku ya nne akanyamaza ghafla, na nyumba nzima ikafurahi.

Mimi nilipopata habari kwamba kanyamaza na hanyonyi, nilitamani kumzaba mtu kibao.

Mimi ni nesi wa kijiji, huku milimani karibu na mji wa Kulob. Kichanga mwenye kikohozi akinyamaza na kukataa ziwa, huyo hajapona. Kaishiwa nguvu.

Nikatoka mbio na ndala zangu. Mlangoni nikamkuta Bibi Oysha, mama mkwe wa Nazokat, kashika birika la chai.

"Karibu chai, nesi. Dawa yangu imekubali! Nimempaka mafuta ya mkia wa kondoo, sasa kalala kama tajiri."

"Nataka kumwona."

"Umwone wewe nani? Zimebaki siku nne atimize arobaini. Macho ya watu yatamdhuru."

Mtoto alikuwa kwenye gahvora, kile kitanda chetu cha kubembelezea. Kafungwa mikono na miguu kwa mikanda ya kitambaa, juu kafunikwa nguo saba.

Saba, jamani! Ungedhani wanaficha dhahabu.

"Bibi, fungua."

"Tega sikio tu, utasikia anapumua."

"Sitaki kusikia. Nataka kuona kifua!"

Nazokat alikuwa kasimama pembeni, anatafuna ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Mumewe yuko Urusi kwenye vibarua, na mbele ya mkwe hana kauli.

Nikamgeukia. "Binti, huyu ni mwanao au wa jirani?"

Akasogea, akaanza kufungua mwenyewe. Bibi akafoka weee, hakuna aliyemjali.

Kifua kilikuwa kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa. Midomo imegeuka bluu. Nikatazama saa, nikahesabu dakika nzima. Pumzi sabini na nane. Kwa kichanga wa umri ule, sitini tu ni hatari.

Nimonia.

Tukamkimbiza hospitali ya wilaya, wakampa oksijeni na sindano za antibayotiki. Mimi kwenye korido nikawa namshushua Bibi bila huruma.

"Hayo mafuta ya kondoo yanaua vijidudu vya kwenye mapafu? Ungetuulia mtoto!"



Jioni daktari akatoka. "Ameanza kunyonya, atapona. Ila nani kaandika hii?"

Kashika kadi ya mtoto. Tarehe ya juzi: *Kupumua kawaida.*

Sahihi yangu.

Bibi akaniangalia. "Juzi ulikuja, mwanangu. Ukahesabu juu ya nguo, ukanywa chai, ukasema mzima. Mimi sijui kusoma. Nilikuamini."

Nilikosa pa kuweka uso. Ni kweli, sikutaka ugomvi na mtu mzima kwa sababu ya arobaini.

Wazazi, mtoto akikohoa, fungua kifua ukione, hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Na nesi akija akahesabu juu ya nguo, mtimueni.

Hata kama ni mimi.