Saini ya Nyuma ya Pazia

Nilitia saini nikiwa nimesimama nyuma ya pazia la kupimia nguo, saa tano ya asubuhi, simu mkononi na pini mbili bado mdomoni. Ujumbe wa wakili wa wenye nyumba ulitaka nisome peke yangu, kwenye simu yangu mwenyewe, nisimwonyeshe mtu. Mteja alikuwa nje akisubiri gauni lake la harusi. Nilimwambia natafuta uzi.

Tulikuwa milango mitano chini ya baraza moja, mtaa wa Quartier Asiatique. Wa kwanza, mwenye fotokopi. Wa pili mimi, fundi wa nguo. Wa tatu, muzee wa kutengeneza vyerehani, ambaye ameufungua na kuufunga moyo wa cherehani yangu mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Kisha muuza vitenge, na mwisho kinyozi. Mwenye nyumba alikuwa amefariki, na watoto wake wanaoishi Ulaya walitaka kubomoa wajenge ghorofa. Jumapili moja tukakutana tukaapa: hatoki mtu, na hatii mtu saini kivyake. Muzee, Mwislamu wa Buyenzi, alisoma dua. Muuza vitenge, ambaye ni mlokole, aliomba mpaka kinyozi akafungua jicho moja kuona kama mwisho umekaribia. Kidole kimoja hakivunji chawa, tukaambiana, tukaenda nyumbani tumejaa ushujaa.

Kwa nini basi nikatia saini? Nitasema, ingawa kusema hakunisafishi. Mkataba uliahidi nafasi katika jengo jipya, na mahali pa kujishikiza wakati wa ujenzi, kwa atakayekubali kabla ya Ijumaa. Asiyekubali hapati kitu. Atakayefungua mdomo, nafasi yake inafutwa. Nimekaa chini ya baraza hiyo miaka kumi na saba, na wateja wangu wananijua kwa mlango, wala si kwa jina. Nilijiona nimerudi nyumbani Kanyosha, nashonea uani, narefusha sare za shule za watoto wa jirani. Niliogopa, basi.

Kifaransa cha mkataba kilikuwa kirefu. Nilisoma kurasa mbili, nikaruka sita. Chini kabisa palikuwa na kisanduku cheupe, na mimi, kama tulivyozoezwa kwa kila karatasi ya nchi hii, nikaandika kwa kidole: lu et approuvé, nimesoma na nimekubali. Halafu saini, imepinda kama mshono wa mwanafunzi. Simu ikaniambia asante.

Zamani ukitaka kusaini kitu ulikwenda ofisi ya komini. Ulipanga foleni na nusu ya mji, kila mmoja akikuuliza kilichokuleta, na kabla muhuri haujagongwa, hata adui yako alikuwa na habari. Niliichukia ile foleni kwa roho yangu yote. Lakini pale foleni, mtu angeniuliza, we mama, wenzako wanajua?

Jumatano simu ya mwenye fotokopi ililia, na yangu ikalia sekunde ileile, mlio uleule. Ulikuwa ujumbe wa wakili, kwamba mkataba ni siri. Tulitazamana. Akageuza simu yake kifudifudi juu ya mashine, nami nikageuza yangu. Ya muuza vitenge ikalia pia, kisha ya kinyozi. Wajinga wanne, kila mmoja alikuwa amejidhani msaliti wa pekee.

Kwa muzee hakukulia kitu. Simu yake ni ndogo, ya vitufe, inajua kupiga na kupokea tu. Mkataba haukuwa na njia ya kumfikia, na wakili hakujisumbua kumtafuta. Ilikuwa Jumatano, nasema tena. Zilibaki siku mbili. Neno langu moja lingetosha: muzee, pita kwa wakili. Alikuwa hatua nne kutoka kwangu, anapuliza vumbi kwenye gurudumu la mashine, na mimi nikamwuliza kama amekula.

Ijumaa ikapita. Jumapili tulikutana tena, na hakuna aliyepiga kelele za kukataa kuhama kunishinda. Tukamteua muzee awe msemaji wetu kwa wakili, kwa sababu ana mvi na hatukani watu. Kesho yake akarudi kutoka kwa wakili amevaa kanzu yake ya sala, anacheka.

"Avocat anasema nyinyi wote mumeshasinye karatasi yake! Mi nikamwambia: apana, maître, we haujue watu yangu."

Kinyozi alikohoa. Mimi nikamkaribisha chai, na akaipokea kwa mikono miwili. Sijawahi kujichukia kama saa ile.

Amri ya kuhama ilipotoka, muzee alidhani tumeshindwa pamoja na tutahamishwa pamoja. Siku ya kuhama alikuja kijana wa wakili na orodha, atuonyeshe mahali petu pa muda. Aliita mlango wa kwanza, wa pili, wa nne, wa tano. Kisha akaikunja karatasi. Muzee alikuwa ameketi juu ya sanduku la vyombo vyake, anangoja zamu yake. Alitutazama mmoja mmoja, taratibu, na nikaona anaelewa.

Nilitamani atutukane. Matusi ningeyabeba.

"Mungeniambia tu, binti yangu," akasema. "Mi nilikuwa nataka kukubali tangu siku ya kwanza. Nilikataa juu yenu, nisiwaache peke yenu."

Nilifungua mdomo. Mkataba ulikuwa bado unanikataza kusema, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, niliushukuru.